Programu ya Kuchorea Ramani: Hesabu ya Ofisi Ndogo

Ofisi ya michoro yenye watu watatu, inayoishi kwa ramani za nyumba za kuishi, fremu za maduka na madarasa mawili matatu ya shule binafsi, haina sababu ya kulipia AutoCAD kamili. Nalisema hili mapema kwa sababu ofisi nyingi za namna hiyo zimejifunga katika mambo mawili: ama zinajinyima ili kulipia programu kubwa, ama zinaendesha kazi kwa programu iliyokrakiwa. Hapo katikati pana programu kadhaa za halali, na mchora ramani akikaa jioni moja na kikokotoo atajua ipi inamfaa.

AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na kwa zaidi ya miaka 30 mtu aliweza kununua leseni mara moja, akaitumia hadi kompyuta yake ichoke. Mwaka 2016 Autodesk, kampuni inayoitengeneza, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD. Tangu hapo unalipia muda, na muda ukiisha programu inagoma. Kwa bei za Marekani, AutoCAD kamili inazunguka dola 2,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. AutoCAD LT, ambayo ni mdogo wake, inazunguka dola 500. Bei ya wakala wa hapa inaweza kuwa tofauti, na juu yake kuna VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Kwa hiyo tarakimu zangu zote ni za kukadiria, kabla ya kodi, na nimechukua shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola moja.

Kwa wachoraji watatu, AutoCAD kamili inakula shilingi milioni 15 kila mwaka. Tuseme ofisi inatoza shilingi 500,000 kwa ramani ya nyumba ya kawaida. Basi ramani 30 za kwanza za mwaka zinachorwa kwa ajili ya kulipia programu, kabla ya pango, umeme, bando na mshahara wa mtu yeyote. Kuna ofisi ambazo ramani 30 ndiyo kazi yao ya nusu mwaka.

Pesa hiyo inanunua nini ambacho LT haina? Kikubwa ni uchoraji wa 3D na vifurushi vya fani maalumu kama mabomba, umeme na mitambo. Mwulize mchoraji wa ofisi ndogo mara ya mwisho alipochora nyumba ya 3D ndani ya AutoCAD. Ni kweli kwamba wateja wa siku hizi hawaridhiki na mistari mitupu, wanataka picha ya rangi ya kutuma kwenye WhatsApp ya familia ili hata shangazi aliye Muscat aione nyumba kabla ya kuchangia. Lakini picha hizo hutoka ArchiCAD, SketchUp, Lumion au Blender. AutoCAD inabaki na kazi ya mezani: plani, mkato, mwonekano, msingi, paa, shimo la maji taka na jedwali la milango na madirisha. Yote hayo ni ya 2D. Ofisi inalipia dola 1,500 za ziada kwa kila mtu kwa ajili ya sehemu ambayo hakuna anayeifungua.

Kwa miaka mingi palikuwa na hoja moja nzito dhidi ya LT, kwamba haikubali LISP, zile programu ndogo ndogo ambazo wachoraji hupeana ili kazi ya kubofya mara 20 iishe kwa mara moja. Hoja hiyo imekufa. Tangu toleo la 2024, AutoCAD LT ya Windows inaendesha LISP. Kwa hiyo hata anayeapa kwamba hatoki Autodesk, hatua yake ya kwanza ni kushuka LT, na hapo hapo ameokoa robo tatu ya gharama bila kujifunza kitu kipya.

Ila LT nayo ni ya kulipia kila mwaka, na hapo ndipo wengine wanapoingia. Faili la DWG ni la Autodesk, lakini tangu mwaka 1998 kuna muungano wa kampuni, leo unaitwa Open Design Alliance, uliojenga njia ya kulisoma na kuliandika faili hilo bila kupitia Autodesk. Juu ya kazi hiyo, au juu ya kazi inayofanana nayo, zimesimama programu kama BricsCAD ya Ghent, Ubelgiji, ambayo tangu 2018 ni mali ya Hexagon, na ZWCAD ya Guangzhou, China. Zote mbili zinafungua DWG na kuihifadhi kama DWG, zinaendesha LISP, na zinapokea amri zile zile ambazo vidole vya mchoraji vimezoea: L kwa mstari, O kwa kunakili mstari sambamba, TR kwa kukata, CO kwa nakala. Aliyekaa AutoCAD miaka mitano hafundishwi upya kuchora ukuta. Atahangaika siku mbili tatu kutafuta vitufe vilivyohamishwa, kisha atasahau.

La muhimu zaidi, bado zinauza leseni ya kudumu. Unanunua mara moja, inabaki yako. Toleo dogo la 2D la programu za kundi hili huuzwa kwa mamia kadhaa ya dola, kwa hiyo kwenye hesabu yangu nimeweka dola 900 kwa mchoraji ili nisijipendelee, na nimeongeza nusu ya bei hiyo kwa ajili ya kupandisha toleo mara moja katika miaka mitano.

Sasa twende kwa miaka mitano, wachoraji watatu. AutoCAD kamili: dola 30,000, yaani shilingi milioni 75. AutoCAD LT: dola 7,500, shilingi 18,750,000. Leseni ya kudumu ya kundi la BricsCAD na ZWCAD, pamoja na kupandisha toleo mara moja: dola 4,050, shilingi 10,125,000. Mchanganyiko wa LT moja kwa mchoraji anayeshirikiana sana na ofisi kubwa, na leseni mbili za kudumu kwa wenzake: dola 5,200, shilingi milioni 13.

Usisahau ubaya wa dola. Mwaka 2024 kiwango kilivuka shilingi 2,600. Anayelipia LT tatu kila mwaka anatoa shilingi 3,750,000 dola ikiwa 2,500, na 4,050,000 dola ikifika 2,700, kwa programu ile ile bila kupata kitufe hata kimoja cha ziada. Mwenye leseni ya kudumu ameshamalizana na dola siku aliyonunua, hadi atakapotaka kupandisha toleo. Tena AutoCAD inataka kompyuta iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30 ili leseni ithibitishwe. Kwa ofisi ya mjini hilo ni jambo dogo. Kwa mchoraji anayekaa miezi na mradi wa zahanati kijijini, linaweza kumsimamishia kazi.

Kizuizi cha leseni ya kudumu ni kwamba inataka pesa yote mara moja: 6,750,000 kwa watu watatu. Dawa yake ni kununua moja moja. Anza na mchoraji mwenye kazi nyingi, wenzake wamalizie muda wao uliokwishalipiwa, na kila wakati wa kulipia tena ukifika, mmoja anahamia upande wa pili. Baada ya mwaka ofisi nzima imehama bila mkopo.

Na programu za bure? Hapa watu huteleza kwa sababu wanatazama bei peke yake. LibreCAD ni ya bure kabisa, nyepesi, inakimbia hata kwenye kompyuta kuukuu, na kwa kijana anayejifunza kuchora ni zawadi. Lakini inahifadhi kwa DXF, DWG inaisoma kwa kubahatisha na haiiandiki, wala haina zile kurasa za kupangia karatasi ya kuchapa ambazo AutoCAD imewazoesha watu. Kila faili linaloingia kutoka kwa mhandisi lazima ligeuzwe, na kila linalotoka lazima ligeuzwe tena na kukaguliwa.

Tuipe bei kazi hiyo. Chukua mchoraji anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi kwa saa 176, yaani siku 22 za saa nane. Saa yake ni karibu shilingi 4,545. Kama kugeuza na kukagua mafaili kunamla nusu saa kwa siku, wachoraji watatu wanapoteza saa 33 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 150,000. Kwa mwaka ni 1,800,000, na kwa miaka mitano ni milioni tisa. Programu ya bure imeifikia karibu kabisa leseni ya kudumu ya shilingi 10,125,000, na hapo bado sijahesabu faili moja lililofika kwa mhandisi likiwa limekatika vipimo.

Hesabu hiyo inageuka kwa ofisi isiyobadilishana mafaili na mtu. Wapo mafundi wanaochora mageti, madirisha ya alumini na makabati ya jikoni, wanachapa wenyewe na kukata wenyewe. Kwao LibreCAD inatosha, na nawashauri waichukue leo. Wakitaka kufungua DWG ya msanifu mara moja moja, QCAD Professional haifiki euro 60 kwa mtu, leseni ni yao, na inaandika DWG. Kwa pesa ndogo namna hiyo sijaona programu ya kuchora inayoipita. Mipaka yake utaiona kwenye bloku zenye akili na kwenye michoro mizito ya kurasa nyingi.

Kuna somo jingine kuhusu bure. DraftSight ya Dassault Systèmes ilitoka bure mwaka 2010, na watu wengi duniani wakajenga kazi zao juu yake. Kisha kampuni ikatangaza kwamba matoleo yote ya bure yatakoma, na baada ya tarehe 31 Desemba 2019 hayakufunguka tena. Leo ni programu ya kulipia, na ni nzuri, kwa mwaka iko chini ya LT. Programu ya bure ya kampuni inakuwa bure kwa ridhaa ya kampuni. LibreCAD na FreeCAD zina leseni huria, kwa hiyo hakuna anayeweza kuja kuzima nakala iliyo kwenye kompyuta yako.

Kuhusu programu zilizokrakiwa sitakawia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na ofisi inayoomba zabuni ya serikali au ya shirika la nje haiwezi kusimama ikiulizwa leseni. Leseni ya mwanafunzi, ambayo Autodesk inaitoa bure, nayo hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa, hata kama mwenye jina hilo bado yuko chuoni kweli. Na kuna hatari inayogusa kazi yenyewe. Mwaka 2012 kampuni ya ESET iligundua kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa LISP, kilichokuwa kikichukua michoro ya AutoCAD na kuituma kwa baruapepe hadi China. Nchi iliyoumia zaidi ilikuwa Peru. Kirusi cha namna hiyo hujificha kama faili dogo ndani ya folda ya michoro, na folda zikipeanwa kwa flashi, nacho kinasafiri. Anayefungua milango ya kompyuta yake ili kukraki programu, na kuzima antivairasi kwa sababu maelekezo ya kukraki yamesema hivyo, anaweka nyumba za wateja wake mezani.

Kabla ya kununua chochote, jaribu kwa faili lako mwenyewe. BricsCAD na ZWCAD zote hutoa muda wa majaribio wa bure. Usichague faili jepesi. Chukua ramani iliyowahi kukutoa jasho: nyumba ya vyumba vitatu yenye masta, paa la kukunja pande nne, jedwali la madirisha, na mchoro wa mhandisi ulioambatishwa kwa nje.

Ukiifungua, tazama maandishi kwanza. Michoro mingi hutumia fonti za SHX, na fonti ikikosekana programu inaweka nyingine badala yake. Utaona maneno CHUMBA CHA KULALA yamenenepa hadi yamepanda juu ya ukuta, au alama ya kipenyo cha nondo imegeuka alama ya kuuliza. Hiyo inatibika kwa kunakili fonti kwenye folda ya programu mpya, lakini kwanza hakikisha una haki ya kuzitumia fonti hizo.

Pili, bofya mlango. Kama ulichorwa kwa bloku yenye akili, ile unayoivuta ikabadilika kutoka sentimita 90 kwenda 80, angalia kama bado inavutika au imeganda. Bloku ikiganda bado inachapika vizuri, ila utapoteza muda kila unapobadilisha upana. Ofisi yenye maktaba kubwa ya bloku za aina hii ihesabu siku kadhaa za kuzitengeneza upya.

Tatu, chapa. Hapa ndipo ramani nzuri hufa. Unene wa mistari unatawaliwa na faili la CTB, na ukilisahau kwenye kompyuta ya zamani, ukuta uliokatwa wa milimita 0.5 na vigae vya milimita 0.18 vitatoka na unene mmoja. Afisa wa halmashauri anayekagua kibali cha ujenzi anaitazama A1 yenye mistari mia kadhaa iliyo sawa, asione ukuta unaanzia wapi. Anairudisha, na hana kosa. Nakili CTB, chapa karatasi moja ya A3, iweke kando ya ile ya zamani, uzitazame kwenye mwanga wa dirisha.

Nne, na hili ndilo jaribio lenye uzito kuliko yote, hifadhi faili kisha ulipeleke kwa mhandisi wa miundo au mkadiriaji majenzi unayefanya naye kazi. Alifungue kwake, apime umbali wa kuta mbili, azime na kuwasha leya za nguzo, aongeze mstari mmoja, alihifadhi, alirudishe. Kama linakwenda na kurudi bila kudhurika, umemaliza nusu ya wasiwasi. Mwambie mapema kwamba AutoCAD yake inaweza kumwonyesha ujumbe kwamba faili limehifadhiwa na programu isiyotoka Autodesk. Ujumbe huo unatisha kuliko unavyostahili. Hausemi kwamba faili limeharibika, unataja lilikotoka tu. Na kama mshirika wako ni msanifu anayetumia ArchiCAD, kama wengi wa Dar es Salaam, basi DWG anazokutumia siku zote zimekuwa zikitoka nje ya AutoCAD, na kazi imekuwa ikienda.

Jambo dogo linalookoa simu nyingi: kubalianeni toleo la DWG. Matoleo makuu ya karibuni ni 2010, 2013 na 2018. Ukihifadhi kwa 2010 au 2013, karibu kila mtu anafungua, hata yule mhandisi mwenye programu ya miaka kumi iliyopita. Kwa wanaotaka kutazama na kuchapa tu, Autodesk inatoa DWG TrueView bila malipo kwa Windows, hivyo msimamizi wa saiti hahitaji leseni yoyote.

Kuhama kuna gharama ya siku za mwanzo, na ni haki kuiweka kwenye hesabu. Kama wachoraji watatu wa shilingi 800,000 wakipunguza kasi kwa theluthi moja kwa mwezi mzima, ofisi imepoteza shilingi 800,000. Tofauti ya LT na leseni ya kudumu kwa miaka mitano ni 8,625,000. Hata kasi ikipungua kwa miezi miwili, bado unabaki na zaidi ya milioni saba. Lakini wachoraji waulizwe kabla. Mtu aliyejenga ujuzi wake kwa jina la AutoCAD anaogopa kwamba akitoka hapo wasifu wake utashuka thamani, na hofu hiyo ina msingi, maana matangazo ya kazi huitaja AutoCAD kwa jina. Mwonyesheni kwamba amri ni zile zile, na kama pesa inaruhusu, ule mchanganyiko wa LT moja na leseni mbili za kudumu unampa walau mmoja wao nafasi ya kubaki na mkono wake kwenye programu hiyo.

Mimi ningechagua mchanganyiko huo kwa ofisi inayopata kazi kutoka kwa wahandisi wakubwa, na leseni za kudumu tupu kwa ofisi inayouza ramani moja kwa moja kwa wajenzi wa nyumba zao. Nunua kwa wakala mwenye risiti ya EFD ili gharama iingie kwenye hesabu za kodi, na mwulize kwa maandishi mambo matatu: leseni inahamishikaje kompyuta ikiibwa, kupandisha toleo ni bei gani, na nani anapokea simu mambo yakikwama.

Mwezi wa mwisho wa leseni ya zamani utumieni kufungua kila faili la mteja ambaye nyumba yake haijapauliwa. Lihifadhini kwa DWG 2013, mtoe na PDF ya kila karatasi kwa kipimo chake, na mnakili pamoja fonti, CTB na michoro iliyoambatishwa. Hifadhini nakala moja kwenye diski ya nje isiyokaa ofisini. Mteja aliyejenga chumba kimoja na sebule mwaka huu anaweza kurudi baada ya miaka sita akitaka kuongeza ghorofa, na mhandisi atakachouliza kwanza ni mchoro wa msingi.